Unataka Jensen Interceptor iliyokarabatiwa? Kagua hivi kabla hujatoa hela

Aisee wadau, huku Uingereza ukipitia matangazo ya magari ya zamani hukosi kukutana na Jensen Interceptor imeandikwa "imekarabatiwa yote kuanzia bati", rangi inang'aa mpaka unajiona uso, ngozi mpya ndani, na bei iko juu kweli kweli. Mimi hii gari naipenda sana na ndio maana naandika huu mwongozo, maana inaniuma nikiona mtu kaweka akiba yake ya miaka mingi kwenye gari ambayo chini ya rangi ni puti (ile ya kujazia mashimo ya bati) na kutu. Kitu ninachotaka ukishike kabla ya yote ni kwamba gari iliyokarabatiwa unanunua kazi ya fundi, na sehemu kubwa ya hiyo kazi imeshafunikwa huwezi kuiona, kwa hiyo ukaguzi wako wote ni kutafuta ushahidi wa hiyo kazi.

Kwa asiyeijua, Jensen ilikuwa kampuni ndogo ya ndugu wawili, Richard na Alan Jensen, kiwanda kilikuwa West Bromwich jirani kabisa na Birmingham. Interceptor ilionyeshwa Oktoba 1966 kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court London, umbo lake limechorwa na Touring, kampuni ya kuchora bodi za magari ya Milan Italia, bodi za mwanzo mwanzo zilitengenezwa na kampuni nyingine ya bodi, Vignale, kule Turin halafu kazi ikahamia West Bromwich, na injini ni V8 ya Chrysler kutoka Marekani pamoja na gia boksi yake ya otomatiki ya TorqueFlite. Ni gari ya safari ndefu, watu wanne wanakaa, mizigo inaingia nyuma chini ya kile kioo kikubwa kilichopinda, na inapita maili 130 kwa saa. Iliendelea mpaka 1976 kampuni ilipofungwa, bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973 nani tena alitaka V8 ya lita 7. Kwa jumla zilitoka kama 6,400 hivi.

Hii historia iguse mfuko wako sasa. Injini ni ya Kimarekani, ile ile iliyofungwa kwenye Dodge na Plymouth kibao, kwa hiyo vipuri vyake unaagiza Marekani vinakuja kwa bei ya kawaida tu. Ila bodi ilikuwa inamaliziwa kwa mkono, paneli ya gari moja ukiipeleka kwenye gari nyingine mara nyingi haikai sawa mpaka fundi aikate aichomelee aipige nyundo, na hayo masaa ya fundi wa bodi hapa Uingereza ndiyo yanayomaliza watu. Injini ya hii gari isikutishe sana, bati ndilo la kuogopa.

HATUA YA 1: Jua ni Interceptor ipi unayoiangalia

Mk I (yaani toleo la kwanza) ni za 1966 mpaka 1969, Mk II 1969 mpaka 1971, Mk III 1971 mpaka 1976 na hizi Mk III ndio nyingi zaidi sokoni. Mwanzoni injini ilikuwa lita 6.3, baadaye kwenye Mk III ikaja ya lita 7.2. Kuna SP, hii ina kabureta tatu na zilitengenezwa 232 tu. Kuna ya wazi isiyo na paa la bati iliyokuja 1974. Halafu kuna FF, hii ni habari nyingine kabisa, inaendesha magurudumu yote manne na ilikuwa na breki za Dunlop Maxaret zinazozuia tairi kujifunga, mwaka 1966 huo wadau! Zilitoka 320 tu, zote usukani upande wa kulia. FF utaitambua kwenye madigadi ya mbele nyuma ya tairi, ina matundu mawili ya hewa wakati Interceptor ya kawaida ina moja, na pua yake ni ndefu zaidi kwa kama sentimita 10.

Kwa nini nayasema haya, kwa sababu bei ya FF, SP na ya wazi iko mbali na ya Mk III ya kawaida, kwa hiyo muuzaji akisema ni SP usiangalie kabureta peke yake, kabureta zinafungwa wakati wowote, muulize namba ya chesisi kisha wasiliana na watu wa Jensen Owners' Club, wale wanazijua hizi gari moja moja na wengi wao wanafurahi kumsaidia mtu anayeipenda kweli.

HATUA YA 2: Soma tangazo kama unasoma mkataba

Neno "imekarabatiwa" peke yake halina uzito. Nani kakarabati? Lini? Ukarabati wa mwaka 1994 ni wa zamani sasa, kutu imeshapata muda wa kutosha kurudi mara mbili. Angalia picha, kama zote zimepigwa gari ikiwa imelowa maji au kwenye mvua jihadhari kidogo, maji yanaficha kasoro za rangi vizuri sana. Kama kuna picha 40 za nje na za viti halafu hakuna hata moja ya chini ya gari wala ya ndani ya buti, hapo omba kabla hujatoa hata nauli ya treni.

Na ukiona wameandika imewekwa injini ya kisasa, hiyo sio mbaya, kuna watu wanazipenda hivyo na zinaendeka vizuri, ila jua unanunua gari ya aina nyingine, bei yake inahesabiwa tofauti, na uliza kabisa kama DVLA, wale wa serikali wanaosajili magari, walitaarifiwa na kama bado inahesabika ni gari ya kihistoria.

HATUA YA 3: Piga simu, uliza haya

Usitume meseji, piga simu, maana kwenye simu unasikia mtu anavyojibu. Mimi ninapouliza nafuata mtiririko huu: Hii gari umekaa nayo muda gani? Nani alifanya kazi ya bati, na nikimpigia huyo fundi atanizungumzia? Una picha za bodi ikiwa imevuliwa rangi, bati likiwa tupu? Una risiti? Chini ya mlango ile sehemu ilibadilishwa yote au walipachika viraka? Mara ya mwisho imesafiri umbali mrefu lini? Ukiiwasha asubuhi ikiwa baridi inawaka vipi?

Mtu aliyelipia kazi nzuri hataudhika na haya maswali, atakuzungumzia mpaka uchoke, maana zile hela zilimuuma na anataka mtu ajue zilikwenda wapi. Anayekujibu kwa mkato mkato "wewe njoo tu uione" mimi huwa nampa nafasi moja ya kutuma picha, asipotuma namwacha.

Mwisho wa simu mwambie kwa heshima kwamba siku ukienda hutaki injini iwe imewashwa kabla hujafika.

HATUA YA 4: Karatasi

Kabla ya kusafiri chukua namba ya usajili uingize kwenye saiti ya serikali ya kuangalia historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, ni bure. Rekodi zake zinaanzia miaka ya 2005 hivi na utaona maili mwaka baada ya mwaka pamoja na yale maonyo ya mkaguzi. Ukikuta mwaka fulani mkaguzi kaandika kutu kwenye chesisi au karibu na sehemu ya kufunga mkanda, halafu muuzaji anasema "hii haijawahi kuwa na kutu", una jambo la kumuuliza. Ila tangu Mei 2018 gari yenye zaidi ya miaka 40 isiyobadilishwa sana imesamehewa MOT, kwa hiyo rekodi inaweza kuishia hapo 2018 na hilo sio kosa. Bado mwenye gari anaruhusiwa kuipeleka kwa hiari yake, gharama ya juu kabisa kwa gari ndogo ni paundi 54.85, na mimi namwomba muuzaji afanye hivyo kabla sijanunua, hata ikibidi nimlipie mimi. Anayeuza gari ya maelfu ya paundi halafu akatae ukaguzi wa paundi 54 anakupa jibu.

Kadi ya gari ya huku ni V5C. Angalia namba ya chesisi na ya injini kwenye kadi zilingane na zilizogongwa kwenye gari yenyewe, na uielewe vizuri hii kadi: inaonyesha nani amesajiliwa kuitunza gari, haithibitishi kwamba ndiye mwenye mali. Kwa hiyo omba na risiti aliyonunulia yeye. Lipia pia ule ukaguzi wa historia unaoonyesha kama gari ina deni la mkopo, iliibiwa, au iliwahi kufutwa na bima.

Sasa faili la ukarabati, hapa kaa chini na uchukue muda. Faili zuri lina picha za hatua: gari imefunguliwa, bati bovu limekatwa, bati jipya limechomelewa, halafu ndio praima. Picha ya gari ikiwa na praima ya kijivu tayari haikuambii kitu, praima inakaa juu ya puti vile vile inavyokaa juu ya bati. Tafuta alama kwenye picha inayothibitisha ni gari ile ile, namba ya chesisi, rangi ya zamani, kovu fulani. Linganisha tarehe za picha na tarehe za risiti. Na risiti zenyewe zisome, kuna mafaili manene kama msahafu ukiyafungua ndani ni risiti za oili, betri na viti, kazi ya bati paundi mia tano. Kwa Interceptor iliyokarabatiwa kweli kazi ya bati na rangi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya gharama, ukikuta ndiyo ndogo kuliko zote basi ukarabati ulikuwa wa kupendezesha tu.

HATUA YA 5: Bati

Nenda siku kavu, mchana. Beba tochi kali, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini isikwaruze, kioo kidogo cha mkononi, kipande cha kulalia chini na nguo za kazi. Kama unaweza kuazima kile kipimo cha unene wa rangi chukua, kikisoma zaidi ya maikroni 1,000 mahali jua hapo kuna puti. Bodi ya Interceptor ni ya chuma, tofauti na Jensen CV8 iliyoitangulia ambayo ilikuwa ya faiba, kwa hiyo sumaku inatakiwa ishike. Isiposhika chini ya mlango au kwenye tao la tairi la nyuma, hapo pamejazwa.

Anza kwa kusimama mbali kidogo, uangalie gari kwa ubavu, macho yako yawe usawa wa mpini wa mlango. Mwanga unavyotembea kwenye ubavu uwe umenyooka bila mawimbi. Halafu angalia nafasi kati ya mlango na bodi, kati ya boneti na madigadi. Hizi gari zilimaliziwa kwa mkono hazikuwa na nafasi za kufanana kama Toyota ya leo, ila upande wa kulia na wa kushoto visipishane sana. Fungua mlango uushike mwisho wake uunyanyue juu, ukicheza basi bawaba zimechoka au mbaya zaidi nguzo inayozishika imeoza ndani.

Sasa lala chini. Kizingiti cha chini ya mlango, yaani ule ukingo mnene unaopita toka tairi la mbele mpaka la nyuma, ndiyo sehemu ya kwanza kwa umuhimu. Kinaozea ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona lengelenge dogo kwa nje huko ndani kumeshakwisha. Kama juu yake kuna pambo la chuma kisichoshika kutu chungulia pembeni na chini yake, pambo kama hilo linafunika mengi. Pita na kidole kwenye mwisho wa kizingiti mbele na nyuma, hapo ndipo matope na maji hukaa. Ukiona chini yote imepakwa lami nyeusi nzito mpya, uliza kwa nini. Fundi aliyefanya kazi safi anapaka rangi na nta inayoonyesha kilicho chini yake, anataka uione kazi yake.

Chini kuna bomba mbili nene za chesisi zinazopita urefu wa gari. Ziguse, zigonge taratibu kwa kidole au kishikio cha bisibisi, mlio uwe mzito na wa namna moja kote. Tafuta viraka vilivyochomelewa juu ya bati la zamani, kiraka cha namna hiyo kinafungia kutu ndani. Endelea nyuma mpaka pale springi za pati zinapofungwa kwenye bodi, hapo pakioza kazi ni kubwa.

Kwenye buti inua zulia, yote, usikubali kuambiwa limegundishwa. Ule mlango wa nyuma wa kioo ni mzuri kuliko kitu kingine chochote kwenye hii gari, ila mpira wake ukichoka maji yanaingia, yanashuka kwenye sakafu ya buti na sehemu ya tairi la akiba, yanakaa humo miezi. Nusa. Harufu ya unyevu haifichiki hata kwa manukato ya gari. Kioo chenyewe kikague mikwaruzo na nyufa pembeni maana kukipata kingine ni kazi na ni ghali. Pitia pia chini ya kioo cha mbele kwenye kona, sehemu ya chini ya milango, madigadi ya mbele upande wa nyuma karibu na mlango, matao ya nyuma, na sakafu ya ndani chini ya mazulia upande wa dereva na abiria.

Hatua hii ikikupa majibu mabaya unaweza kuishia hapa, usijidanganye na injini nzuri. Injini inatoka na kurudi, bodi iliyooza ya hii gari inaweza kukugharimu kuliko ulivyoinunulia.

HATUA YA 6: Injini na gia boksi

Weka mkono kwenye boneti kabla haijafunguliwa, iwe baridi. Angalia oili, isiwe na rangi ya chai ya maziwa. Fungua rejeta ikiwa baridi, maji yawe safi yenye dawa, yakiwa ya kahawia rejeta imeanza kuziba, na joto ndilo ugonjwa wa hii gari unaojulikana, V8 kubwa hiyo imebanwa kwenye nafasi ndogo haina pa kupumulia. Iwashe. Sekunde chache mwanzoni moshi mwepesi sawa, moshi wa bluu unaoendelea hapana. Presha ya oili ipande mara moja na ibaki hata injini ikishapata moto.

Iache inguruma kwa dakika 20 hivi imesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama kipo, Mk III nyingi wanacho. Sindano ya joto ipande ifike mahali isimame, na usikie feni za umeme zikiingia zenyewe. Muuzaji akianza kukwambia "hii haipendi kusimama, twende tuiendeshe", wewe subiri tu. Muulize rejeta ilibadilishwa lini na kama walifunga kubwa zaidi, hilo ni badiliko zuri mimi nalikubali kabisa.

Mafuta ya gia boksi ya TorqueFlite yanapimwa injini ikiwa inawaka na gia ikiwa kwenye nyutro, wengi hawajui wanapima kama gari nyingine. Yawe mekundu safi. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, tenga hela ya kuifungua, ingawa hii gia boksi ni ngumu na mafundi wake wapo.

HATUA YA 7: Barabarani

Kwanza hakikisha una bima ya kuiendesha, piga simu kampuni yako siku moja kabla. Ni gari ya tani 1.7 hivi yenye nguvu nyingi, isikupeleke. Gia ziingie kwa ulaini bila kishindo. Breki zina diski magurudumu yote manne, ukikanyaga gari isimame imenyooka bila kuvuta upande. Usukani ni laini ila usiwe na uwazi wa kuchezea katikati. Ukiachia mafuta halafu ukakanyaga tena sikiliza difu nyuma, mlio mdogo wa kawaida upo, kishindo hapana. Pita barabara yenye matuta kidogo, hapo ndio gari iliyounganishwa vizuri inajitenga na iliyopakwa rangi tu, maana bodi imara haipigi kelele.

Ukirudi zima, subiri dakika 10, halafu washa tena. Usiliruke hili. Joto linalobaki chini ya boneti linachemsha petroli kwenye kabureta na gari iliyofungwa ovyo itakataa kuwaka, fikiria ikikufanyia hivyo kituo cha mafuta kwenye barabara kuu ya M6.

HATUA YA 8: Ndani

Hapa nipite haraka. Bonyeza kila swichi. Vioo vya milango ni vya umeme na hupanda pole pole, sawa, mradi vifike juu. Wipa, taa zote, hita, saa, geji. Chungulia chini ya dashibodi kwa tochi, nyaya ziwe zimefungwa kwa mpangilio, ukiona rundo la waya za rangi tofauti zimeunganishwa kwa utepe, huyo aliyefanya ukarabati hakufika huko. Ngozi ikiwa ya zamani lakini laini na haijapasuka mimi naipenda kuliko mpya iliyoshonwa vibaya. Tairi ziangalie tarehe, zile namba nne za mwisho pembeni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, tairi ya miaka 15 yenye meno mazuri bado ni tairi mbovu.

HATUA YA 9: Bei na malipo

Chukua karatasi uandike kila ulichokikuta na gharama ya kukitengeneza, kwa makadirio ya fundi, sio ya muuzaji. Hoja ambayo utaisikia ni "ukarabati peke yake umenigharimu zaidi ya ninayokuuzia". Inaweza kuwa kweli kabisa, kukarabati Interceptor mara nyingi kunazidi thamani ya gari, na ndio sababu kununua iliyokwisha kukarabatiwa vizuri kuna akili kuliko kununua gofu. Lakini wewe unalipa kwa hali ya gari leo. Ongea naye kwa adabu, mwonyeshe orodha yako, mpe bei yako, unyamaze.

Unanunua wapi pia ni muhimu kisheria. Kwa mfanyabiashara una haki za sheria ya walaji ya mwaka 2015, gari ikiwa na kasoro iliyokuwepo unaweza kuirudisha ndani ya siku 30. Ukiinunua kwake kwa mbali bila kukutana, mtandaoni au kwa simu, kwa kawaida una siku 14 za kubadili mawazo. Kwa mtu binafsi huna hayo, anachotakiwa ni gari ifanane na alivyoieleza na awe na haki ya kuiuza, kwa hiyo lile tangazo lihifadhi kama lilivyo, piga picha kila ukurasa. Mnadani ulinzi ni mdogo zaidi kwa vitu vilivyotumika, na juu ya bei uliyotaja kuna kamisheni ya mnunuzi pamoja na VAT juu ya hiyo kamisheni, ihesabu kabla hujanyanyua mkono.

Usitume "hela kidogo ya kushikia" kwa gari ambayo hujaiona kwa macho. Siku ya kulipa, lipa kwa benki ukiwa umesimama mbele ya gari, nyumbani kwa muuzaji, anwani iwe ile iliyo kwenye V5C, na namba ya akaunti akusomee mwenyewe mdomoni, usichukue ya kwenye barua pepe maana matapeli huingilia humo wakabadilisha. Andikisheni risiti yenye majina, tarehe, namba ya chesisi na saini za wote wawili. Muuzaji anawajulisha DVLA, anakuachia kile kipande cha V5C cha mtunzaji mpya wa gari.

HATUA YA 10: Ikishakuwa yako

Kodi ya barabara kwa gari ya kihistoria iliyopita miaka 40 ni paundi sifuri ila lazima uiombe, haiji yenyewe. London, eneo la ULEZ ambako magari yanayochafua hewa yanatozwa, gari ya kihistoria isiyofanya biashara haitozwi. Bima chukua ile ya magari ya zamani yenye thamani mliyokubaliana kwa maandishi, la sivyo ikigongwa watakulipa bei ya gari kuukuu tu. Mafuta usishangae, galoni moja maili 10 mpaka 15 ndio maisha yake, yaani lita moja kilomita 4 hivi mjini.

Ndugu zangu mnaoniuliza kuhusu kuipeleka nyumbani, usukani uko upande wetu kweli, lakini Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa gari inayoingia, Uganda wamezuia za miaka 15 na kuendelea tangu 2018, na Tanzania kuna ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Msilipie meli kabla hamjapata jibu la maandishi kutoka mamlaka ya kule.

Wiki za mwanzo, hata kama umeambiwa vyote ni vipya, mwaga oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya gia boksi uweke vipya, uwe na tarehe yako ya kuanzia. Petroli tumia E5, ile ya bei ya juu kidogo, maana tangu Septemba 2021 ya kawaida huku ni E10 yenye ethanoli zaidi, na ile ethanoli inakula mipira ya zamani. Halafu fuatilia mpira wa petroli wote kutoka tangi mpaka kabureta, usome maandishi yaliyochapwa juu yake. Ukiona R9, alama ya mpira unaostahimili ethanoli, uuache ulivyo. Usipoona maandishi yoyote, ubadilishe wote kabla ya safari ya kwanza, V8 ikiwa ya moto na petroli inadondokea juu yake gari inaungua na kila kitu kilicholipiwa kwenye lile faili.